Treni ya ndani ya bomba lisilo na hewa au treni ya mwendokasi? Njooni tupige hesabu ya abiria

#1 – Fundi Tuta

Wakuu, habari za leo.

Ile video imerudi tena kwenye magrupu. Kibehewa cheupe kinaingia kwenye bomba, msimulizi anasema Dar–Dodoma dakika 25, na chini yake watu wanauliza kwa nini tunaendelea kumwaga mabilioni kwenye reli wakati dunia imeshahama. Mambo ya reli nimeyafuatilia kwa miaka, na swali hili naona linastahili kujibiwa kwa namba. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza tukubaliane kwamba wazo lenyewe lina mashiko. Treni ikishakolea mwendo, hewa ndiyo inayokula umeme. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upinzani wa hewa unaongezeka mara nne, na nguvu ya kuushinda mara nane. Ndiyo maana Wafaransa waliifikisha TGV, treni yao ya mwendokasi, kilomita 574.8 kwa saa tarehe 3 Aprili 2007, lakini abiria wao wanasafirishwa kwa 320. Wajapani wakatengeneza treni ambayo ikishakolea mwendo inaacha magurudumu na kuelea kwa nguvu ya sumaku, ikagonga 603 Aprili 2015. Sasa mtu akisema tuiingize hiyo treni kwenye bomba na tunyonye hewa, fizikia iko upande wake. Robert Goddard, yule Mmarekani wa maroketi, aliliwaza jambo hili mwanzoni mwa karne iliyopita. Na Wachina walitangaza Februari 2024 kwamba huko Datong, mkoa wa Shanxi, chombo chao kimepita kilomita 623 kwa saa ndani ya bomba la kilomita 2.

Kwa hiyo mimi sibishani na mtu kuhusu mwendo. Naomba tuangalie kitu ambacho video hazikionyeshi: bomba linapitisha watu wangapi kwa saa moja?

Elon Musk alitoa andiko lake la Hyperloop, yaani hiyo treni ya ndani ya bomba, Agosti 2013. Los Angeles hadi San Francisco dakika 35, mwendo wa juu kilomita 1,220 kwa saa, gharama dola bilioni 6. Kila kibehewa kinabeba watu 28, na wakati wa msongamano kinaondoka kimoja kila sekunde 30. Piga hesabu: vibehewa 120 kwa saa mara 28, unapata abiria 3,360 kwa upande mmoja.

Sasa nenda Japani. Treni yao ya mwendokasi, Shinkansen ya Tokaido, Tokyo hadi Osaka, inaruhusu hadi treni 17 kwa saa kwa upande mmoja, kila treni ina mabehewa 16 na viti 1,323. Hivyo ni viti zaidi ya 22,000 kwa saa, kwenye njia iliyofunguliwa mwaka 1964.

Tena hizo 3,360 zenyewe zina walakini. Kwa mwendo wa 1,220, sekunde 30 ni kama kilomita 10 kati ya kibehewa na kibehewa. Cha mbele kikikwama ghafla, cha nyuma kinatakiwa kisimame ndani ya hizo kilomita 10. Ukifunga breki kwa nguvu sawa na nusu ya uzito wa mwili, breki ambayo asiyefunga mkanda anaruka kutoka kwenye kiti, bado unahitaji karibu kilomita 12. Ukipunguza ukali hadi takriban maradufu ya breki ya kawaida ya treni, unahitaji kilomita 29 na karibu dakika 3. Ukiachanisha vibehewa dakika 3, vinapita 20 kwa saa. Mara 28, abiria 560. Hao ni mabasi kumi ya mikoani.

Jingine ni kona. Kwa mwendo huo, hata ukikubali abiria asukumwe ubavuni kwa nusu ya uzito wake, kona inahitaji nusukipenyo cha kilomita 23 hivi. Reli ya kilomita 300 kwa saa inaridhika na kilomita 4 au 5. Mwenye kuijua milima ya Kilosa kuelekea Dodoma anaelewa maana yake: hukwepi mlima wala bonde, unatoboa au unaweka nguzo mwanzo hadi mwisho. Kila mita ya handaki inalipiwa.

Mwisho, tazameni ramani ya andiko lile la 2013. Njia inaanzia Sylmar, pembezoni kabisa kaskazini mwa Los Angeles, na inaishia Hayward, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco. Haikuingia katikati ya mji hata mmoja, na kuingia mjini ndiko kunakokula hela kwenye mradi wowote wa reli. Ile bilioni 6 ilipatikana kwa kuacha sehemu ngumu nje.

Karibuni. Mwenye hesabu tofauti aweke.

#2 – Kigwaza

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 – Mtu wa Kesho

Mkuu Fundi Tuta, nondo nzito, nakupa hongera. Lakini naomba nikupinge kwa heshima.

Umechukua karatasi ya 2013 ukaifanya ndiyo teknolojia yenyewe. Hakuna sheria inayosema kibehewa lazima kiwe cha watu 28. Weka bomba pana, weka chombo cha watu 100 au 200, unganisha viwili vitatu kwa mawasiliano ya kompyuta viende pamoja, hesabu yako inabadilika yote.

Halafu umelinganisha na Shinkansen ya leo, iliyokomaa miaka 60. Ile ya mwanzo je? Ilipojengwa, gharama ziliruka karibu mara mbili ya bajeti. Shinji Sogo, rais wa shirika la reli la Japani, na mhandisi wake mkuu Hideo Shima waliachia ngazi 1963, mwaka mmoja kabla ya njia kufunguliwa. Japani ilikopa dola milioni 80 Benki ya Dunia kwa ajili ya ile reli. Wakati ule wataalamu wengi duniani walikuwa wanasema reli imepitwa, pesa ziende kwenye barabara kuu na ndege. Wangewasikiliza, leo usingekuwa na mfano wa kutupa.

Na mshindani halisi wa bomba ni ndege, si treni. Kwenye kilomita 1,000 mpaka 1,500 treni ya mwendokasi inaanza kuchoka. Beijing–Shanghai ni kilomita 1,318 na treni ya haraka kabisa inatumia zaidi ya saa 4. Hapo ndipo bomba linapotafuta riziki yake.

#4 – Mwana wa Pemba, Sharjah

Salaam aleikum wadau. Niko huku Imarati, nitasema ninayoyajua maana sisi tuliahidiwa.

Mwaka 2016 kampuni ya Hyperloop One ya Marekani walitia saini na mamlaka ya barabara na usafiri ya Dubai kufanya upembuzi yakinifu wa Dubai–Abu Dhabi kwa dakika 12. DP World, hawahawa mnaowaona bandari ya Dar, wakawa wawekezaji wakubwa wa kampuni ile. Picha za stesheni zilikuwa nzuri mno, na magazeti ya huku yaliandika sana.

Kilichofanyika kweli kilifanyika jangwani Nevada, kwenye bomba la mita 500. Desemba 2017 chombo kisicho na mtu kikafika kilomita 387 kwa saa. Tarehe 8 Novemba 2020 wakapanda binadamu wawili, wote wafanyakazi wa kampuni, wakaenda 172 kwa saa, safari ya sekunde chache. Nampa haki yake Mtu wa Kesho, kumweka binadamu ndani ya bomba lile na akatoka mzima ni kazi ya wahandisi wa kweli. Lakini Februari 2022 walipunguza wafanyakazi zaidi ya 100, wakasema sasa ni mizigo badala ya abiria, na mwisho wa 2023 kampuni ikafungwa.

Wakati huohuo Etihad Rail, shirika la reli la huku, walikuwa wanatandika reli kimyakimya, kilomita 900 kutoka mpaka wa Saudia mpaka Fujairah, na treni za mizigo zikaanza kupita mtandao mzima Februari 2023. Januari 2025 likatangazwa la Dubai–Abu Dhabi kwa treni ya kilomita 350 kwa saa, nusu saa. Mji uleule ulioahidiwa bomba umerudi kwenye reli.

Na jingine. Nimempeleka mama umra, tukapanda treni ya mwendokasi ya Haramain kutoka Makka kwenda Madina, kilomita 450. Mama ana miguu mibovu. Tulifika stesheni, tukamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka mlangoni mwa behewa, akakaa, tasbihi mkononi. Kioo cha juu kikaandika 300, akaniuliza kama treni imeshaondoka. Treni moja ina viti 417. Jedda watu walishuka na wengine wakapanda, na mizigo yao, kwa dakika chache tu. Sasa nifikirie kumvusha mama kwenye chumba cha kubadilisha hewa, milango ifungwe na kupimwa kama imeziba, ndipo twende.

#5 – Mama Nuru

Mimi si mhandisi, nauliza ili nijue. Treni ya kawaida ikiharibika porini tunashuka tunakaa kwenye tuta tunasubiri. Ndani ya bomba lisilo na hewa nashukia wapi? Na chuma kinatanuka na jua, hilo bomba la mamia ya kilomita litakuwaje mchana wa Dodoma?

#6 – Fundi Tuta

Mama Nuru, maswali yako ndiyo yanayowaumiza kichwa wahandisi wenyewe.

La joto: chuma cha kilomita 1, joto likipanda nyuzi 30 kutoka alfajiri hadi mchana, kinarefuka kama sentimita 36. Kwa Dar–Dodoma, takriban kilomita 450, ni kama mita 160 kwa jumla. Reli nayo ni chuma na inapata joto lilelile, ila reli iliyochomelewa inabanwa na mataruma na kokoto kila baada ya sentimita 60 hivi, ule mkazo unabaki ndani yake. Bomba juu ya nguzo halibanwi hivyo. Andiko la 2013 lilipendekeza liteleze juu ya nguzo na urefu wote utokee kwenye ncha mbili, stesheni. Ukiweka maungio njiani badala yake, kila ungio ni mahali pa kuvuja, na unahitaji maelfu.

La kushuka: mgandamizo uliopendekezwa mle ndani ni paskali 100, sehemu moja ya elfu ya hewa tunayovuta. Ni sawa na kuwa angani zaidi ya kilomita 45 juu, na ndege ya abiria inafika kama robo tu ya kimo hicho, kilomita 11 au 12. Mtu akikutana na hali hiyo bila kinga anapoteza fahamu ndani ya sekunde 15 hivi. Kwa hiyo hufungui mlango. Lazima kwanza kipande chako cha bomba kifungwe kwa malango pande mbili, hewa iingizwe, ndipo utembee hadi mlango wa dharura. Inawezekana kuijenga hiyo. Lakini hewa ikiingia, vibehewa vyote vya nyuma vimesimama, na bomba likinyonywa upya huduma inasubiri.

Linganisha na handaki la chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Pale kuna handaki la tatu katikati kwa ajili ya huduma na uokoaji, na kila mita 375 kuna njia ya kuvukia. Moto uliwaka mle 1996, waliokuwamo wakatoka wakiwa hai, kwa sababu walikuwa na pa kukimbilia na pana hewa.

Mtu wa Kesho, hoja yako ya ndege naikubali, na ya Sogo umenikumbusha vizuri. Ila ukipanua bomba lipokee chombo cha watu 200, nguzo zinanenepa, handaki linapanuka, pampu zinaongezeka. Bei yako inaikimbilia reli ya mwendokasi, huku ile bei ndogo ndiyo iliyowavutia watu mwanzo.

#7 – Mzee wa Stesheni

Vijana, mambo ya bomba na reli si mageni. Brunel, mhandisi mkubwa wa Uingereza, alianza 1847 kuendesha treni za reli ya South Devon bila kichwa cha treni. Katikati ya reli mbili alilaza bomba la chuma, ndani kuna pistoni iliyounganishwa na behewa kwa juu. Majumba ya pampu kila baada ya kilomita 5 hivi yalinyonya hewa ya mbele, na hewa ya nyuma ikaisukuma pistoni. Treni ilikwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa, kimya, bila moshi. Abiria waliipenda.

Sasa, ili mkono wa pistoni utoke kwenye bomba, juu yake kulikuwa na mpasuo mrefu uliofunikwa na kifuniko cha ngozi, ukapakwa mafuta ya mnyama uzibe. Behewa likipita, ngozi inainuka, likishapita inalala tena. Ile ngozi ilikauka, ikapasuka, majira ya baridi ikaganda ikawa ngumu kama ubao. Hewa ikavuja. Pampu zikafanya kazi kupita kiasi, makaa ya mawe yakaisha haraka. Septemba 1848, ndani ya mwaka mmoja, wakang'oa wakarudi kwenye kichwa cha mvuke. Jengo la pampu la Starcross bado limesimama.

Wazo lenyewe lilifanya kazi wakati ule. Kilichowashinda ni kuziba mpasuo wa makumi ya kilomita kila siku, mvua na jua.

#8 – Kijana wa Voi

Hapo kwa stesheni mleta mada umegusa penyewe. Huku Kenya treni ya Mombasa–Nairobi ilianza 2017, mwendo wa 120, na imetufaa sana ukilinganisha na ile ya zamani. Lakini stesheni moja iko Miritini, nyingine Syokimau. Ukishuka Syokimau jioni bado unatafuta treni ya kuunganisha au matatu ya kuingia mjini, na saa nzima inaweza kuisha hapo. Ukinipunguzia njia kutoka saa 5 hadi dakika 30 halafu uniache Syokimau saa ya foleni, nimeokoa kiasi gani? Nipe treni ya 200 inayoniacha katikati ya mji nitashukuru zaidi.

#9 – Mtu wa Kesho

Mzee wa Stesheni, hiyo ya ngozi sikuijua, ahsante. Lakini leo hakuna mpasuo, chombo kizima kiko ndani, na vifaa vya kuziba vimebadilika kabisa tangu 1848.

Msimamo wangu: utafiti uendelee. Waholanzi wana bomba la mita 420 huko Veendam tangu 2024, wanafunzi wa Munich walifikisha kibehewa chao kilomita 463 kwa saa mwaka 2019. Hakuna aliyesema tuvunje SGR, reli yetu mpya. Nasema tu tusifunge mlango.

#10 – Fundi Tuta

Hapo tuko pamoja mkuu, utafiti uendelee, na ningefurahi vijana wetu wa uhandisi washiriki. Ninachopinga ni mtu kutumia bomba la kesho kuzuia reli ya leo. Na kuna sababu moja ya kitaalamu ambayo kwangu ni nzito kuliko zote, sikuiweka juu.

Reli inaungana na reli. Wafaransa walipofungua reli ya mwendokasi ya Paris–Lyon Septemba 1981, ilikuwa tayari sehemu ya kusini tu. Treni zikapita njia mpya pale ilipokuwapo, kwingine zikapita njia ya zamani, zikaingia stesheni zilezile katikati ya mji. Sehemu ya kaskazini ikaja 1983. Abiria walianza kufaidi kazi ikiwa nusu.

Moroko wamefanya hivyohivyo, na ndio wa kwanza Afrika. Treni yao ya mwendokasi, Al Boraq, ilianza Novemba 2018. Njia mpya ya kilomita 320 kwa saa ni Tangier hadi Kenitra tu. Kutoka Kenitra kwenda Casablanca treni ileile inaingia kwenye reli ya zamani iliyoboreshwa na kupunguza mwendo. Safari ya saa 4 na dakika 45 ikawa saa 2 na dakika 10. Aprili 2025 wakaanza kujenga kipande kingine, Kenitra hadi Marrakech, kilomita 430. Wanaenda kipande kwa kipande kadiri hela inavyopatikana.

Bomba haliwezi hivyo. Nusu ya bomba haibebi mtu, na kibehewa chake hakiingii kwenye njia nyingine yoyote duniani. Hata treni ya sumaku ya Japani, Tokyo–Nagoya, kilomita 286, ina tatizo hilohilo. Walilenga 2027, wakakwama kwenye mgogoro wa maji ya mto Oi mkoa wa Shizuoka, sasa wanazungumzia 2034 au baadaye. Kipande kimoja kimezuia njia nzima. Na hao hawana ombwe, yaani bomba lisilo na hewa, la kulinda.

Sasa rudini kwetu. SGR yetu ina upana wa milimita 1,435, upana uleule wa Al Boraq, Haramain na Shinkansen. Ina umeme tayari. Treni ya mchongoko, ile yenye pua iliyochongoka, inakwenda 160. Ukitaka kusogea mpaka 200 au zaidi kwenye vipande vilivyonyooka, kazi inajulikana: uzio, vivuko vya watu na mifugo, mifumo ya ishara, nyaya za juu, na kunyoosha kona chache.

#11 – Mama Nuru

Nimeelewa. Kwa hiyo kwa Dar–Dodoma tukipata 250 itakuwa saa ngapi?

#12 – Fundi Tuta

Kilomita 450 kwa wastani wa 200, maana haiwezi kuwa 250 mwanzo hadi mwisho, ni saa 2 na robo. Bomba la 1,000 lingekuwa nusu saa pamoja na kuongeza na kupunguza mwendo, ukiongeza milango ya hewa na ukaguzi labda dakika 50. Tofauti ni kama saa moja na nusu, na kwa tofauti hiyo unajenga kitu kipya kabisa chini ya milima.

Kinachonikwamisha kwenye hesabu ya 250 ni kona za Kilosa kwenda Gulwe. Aliyefanya kazi kwenye kipande cha Morogoro–Makutupora, atuwekee nusukipenyo cha kona ndogo kuliko zote na mwinuko wa reli ya nje pale. Nikizipata, usiku naketi napiga upya, nawawekea hapa kipande kwa kipande.